UZI: Makasri ya Urusi na kikundi kidogo. Nenda polepole, uliza nani alijenga na nani alifufua

#1 Mtembezi wa Tanga (mleta uzi)

Habari zenu wadau. Maswali ya faragha kuhusu safari ya makasri ya Saint Petersburg yamekuwa mengi, nimeona niyajibu hapa hapa hadharani ili na walionizidi uzoefu wapate kuongeza na kusahihisha. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka ashuke moja kwa moja kwenye mambo ya fedha na vibali.

Kauli yangu naiweka mwanzoni. Ukiletewa kifurushi kinachokuahidi makasri kumi ndani ya wiki moja, kikatae. Dhahabu inachosha macho upesi kuliko watu wanavyodhani, na ukifika kasri la tatu kwa mwendo wa mbio hutofautishi tena ukumbi na ukumbi, thurea na thurea. Chagua machache. Nenda na kikundi kidogo chenye mwongozaji mmoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na kila kasri mwulize mambo mawili: lilijengwa na mikono ya nani, na limefufuliwa na mikono ya nani. Hilo la pili ndilo lililonigusa kuliko yote, maana sehemu kubwa ya mnachokiona kwenye picha si kazi ya karne ya 18. Ni kazi ya mafundi wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, waliokuta magofu yaliyoungua wakaanza upya.

Mji wenyewe aliuanzisha Peter Mkuu, Tsar (yaani mfalme) wa Urusi, mwaka 1703 kwenye matope ya mdomo wa mto Neva, katika ardhi aliyokuwa akiigombania na Waswidi, kisha makao makuu ya dola yakahamia huko kutoka Moscow. Faida kwa msafiri ni kwamba makasri yamekaa karibu karibu. Mengine yako mjini, mengine yako nje kidogo: Peterhof upande wa magharibi kando ya Ghuba ya Ufini, Tsarskoye Selo na Pavlovsk upande wa kusini, Gatchina mbele zaidi. Yote unakwenda na kurudi siku ileile, kwa hiyo mnalala hoteli moja na hamhamishi mizigo kila asubuhi.

Kasri la Majira ya Baridi. Hili ndilo kubwa la mjini, la kijani na nyeupe, limetazama Neva. Alilichora Rastrelli, Mwitaliano aliyekuja Urusi akiwa kijana, na ujenzi ulikwenda kuanzia 1754 hadi 1762. Malkia Elizabeth wa Urusi aliyeliagiza alifariki kabla halijakamilika. Aliyekuja kulijaza ni Malkia Catherine Mkuu: mwaka 1764 alinunua shehena ya michoro kutoka kwa mfanyabiashara wa Berlin, na huo ndio mwanzo wa jumba la makumbusho la Hermitage. Leo vitu vyake vinazidi milioni tatu. Hakuna binadamu wa kuvimaliza, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mtaiona "Hermitage yote" kabla ya chakula cha mchana.

Mwongozaji wetu alifanya jambo moja la busara sana. Alituuliza jana yake kila mmoja anataka kuona nini, kisha akapanga njia. Tukapanda ngazi za Jordan taratibu, tukaingia chumba cha malakiti, yale mawe ya kijani yaliyokatwa vipande vyembamba na kuunganishwa mpaka unadhani nguzo ni jiwe moja. Hapo ndipo Serikali ya Muda, iliyoshika nchi baada ya Tsar kuondolewa, ilipokuwa ikifanya vikao vyake mwaka 1917, na mawaziri wake wakakamatwa chumba cha chakula cha jirani usiku ule wa mapinduzi ya Oktoba. Baada ya hapo tukasimama muda mrefu mbele ya Mwana Mpotevu, picha ya mchoraji Rembrandt. Watu wa kikundi kikubwa walipita nyuma yetu wakipiga picha bila kusimama.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: kasri hili liliungua Disemba 1837, moto ukawaka kwa siku kadhaa. Tsar Nicholas I aliamuru lisimame tena haraka, na kumbi kuu zikarudi ndani ya muda wa karibu mwaka mmoja na kidogo. Mgeni mmoja Mfaransa aliyepita huko 1839 aliandika kwamba mafundi walifanyishwa kazi ndani ya vyumba vilivyopashwa moto mkali ili kuta zikauke, huku nje kukiwa na baridi ya kuua. Wengi wa watu wa kazi Urusi ya wakati huo walikuwa wakulima waliomilikiwa pamoja na ardhi, mali ya bwana, na hali hiyo haikufutwa hadi 1861. Ukikanyaga ile sakafu ya mbao za rangi rangi, wakumbuke.

Halafu vita. Kiangazi cha 1941 treni mbili zilisafirisha zaidi ya vitu milioni moja vya Hermitage hadi Sverdlovsk, kwenye milima ya Ural. Fremu zikaachwa ukutani zikiwa tupu. Mji ukazingirwa na Wajerumani kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, watu mamia ya maelfu wakafa kwa njaa, na wafanyakazi wa makumbusho wakaishi kwenye vyumba vya chini ya kasri. Ipo habari inayosimuliwa huko, na ni ya kweli: mfanyakazi mmoja aliwatembeza askari waliokuja kusaidia kazi, akawaeleza picha moja moja mbele ya fremu zile tupu, kwa kumbukumbu. Hiyo ndiyo kazi ya mwongozaji ninayoiheshimu.

Tsarskoye Selo. Kama mna nafasi ya kasri moja tu nje ya mji, mimi nasema hili. Kasri la Catherine limepewa jina la Catherine I, mke wa Peter, lakini sura yake ya sasa ya buluu, nyeupe na dhahabu ni ya Rastrelli tena, miaka ya 1750. Urefu wake unafika kama mita 300. Ndani mnavishwa mifuko ya kitambaa au plastiki juu ya viatu ili msikwaruze sakafu, na milango ya vyumba imepangwa mstari mmoja, ukisimama mwanzo unaona mpaka mwisho.

Chumba cha Kaharabu kina historia ndefu kuliko ukubwa wake. Mbao zake za kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe, zilianza kutengenezwa Prussia, dola ya Kijerumani, mwanzoni mwa karne ya 18, mfalme Friedrich Wilhelm I akampa zawadi Peter mwaka 1716, na Elizabeth akazihamishia Tsarskoye Selo 1755. Mwaka 1941 watunzaji walijaribu kuzibandika karatasi za ukutani kuzificha, kwa kuwa kaharabu ilishakauka na kuwa tete, isingestahimili kuhamishwa. Askari wa Kijerumani wakazigundua, wakazing'oa, zikapelekwa Königsberg, mji uliokuwa wao wakati huo. Baada ya vita hazikuonekana tena. Mnachokiona leo kilianza kutengenezwa 1979 na kikafunguliwa 2003, mji ulipotimiza miaka 300. Fikirini hapo: zaidi ya miaka ishirini ya kuchonga utomvu wa miti ya kale, kipande kwa kipande, kwa kufuata picha ambazo karibu zote hazikuwa na rangi. Mwaka 1997 kipande kimoja halisi cha ukuta wa awali, picha ya vijiwe, kilijitokeza Ujerumani, kikarudishwa 2000.

Hapa ndipo ukubwa wa kikundi unapoleta tofauti kubwa. Chumba ni kidogo na vikundi vinaingizwa kwa zamu. Mkiwa arobaini, wa mwisho wanaingia wakati wa kwanza wameshaambiwa watoke. Sisi tuliotosha kwenye basi dogo moja tuliweza kusimama pamoja, mwongozaji akazungumza kwa sauti ya kawaida, kila mtu akasogea karibu na ukuta na kuona maungio.

Yusupov na mengineyo. Kasri la akina Yusupov kando ya mto Moika linajulikana kwa sababu Rasputin, mhubiri aliyekuwa karibu na familia ya Tsar, aliuawa hapo Disemba 1916. Watu wanakimbilia chumba cha chini kuona masanamu ya nta. Mimi nawashauri mwangalie ule ukumbi mdogo wa maigizo wa familia, wenye viti na roshani zake, uliomo ndani ya nyumba ya mtu. Gatchina sikuingia, kwa hiyo sisemi. Peterhof na Pavlovsk nitayaeleza mkiniuliza, uzi usije ukawachosha.

Fedha na vibali. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022, si dukani wala kwenye mashine ya kutolea pesa. Beba fedha taslimu, dola au yuro, noti safi zisizo na michoro wala mikunjo, ubadilishe benki. Ukiingia unapewa kadi ndogo ya uhamiaji. Itunze pamoja na pasipoti mpaka siku ya kutoka. Hoteli inapaswa kukusajili, ulizia karatasi yake. Laini ya simu kwa mgeni siku hizi ina masharti mengi, kwa hiyo pakua ramani kabla hujaondoka nyumbani. Viza fuatilia ubalozini mapema na uthibitishe kama nchi yako iko kwenye utaratibu wa viza ya kielektroniki.

Na kuna vita. Urusi iko vitani Ukraine, droni zimefika mpaka miji mikubwa, viwanja vya ndege hufungwa ghafla. Soma tahadhari za serikali yako, na bima yako iulize kwa maandishi kama inakubali Urusi. Asiyetaka kwenda kwa sababu hiyo ana haki kamili, wala simshawishi.

Karibuni.

#2 Fundi Maji Dodoma

Mkuu hongera kwa uzi. Mimi kazi yangu ni maji, kwa hiyo twende Peterhof. Nimesikia zile chemchemi hazina pampu hata moja. Ni kweli au ni maneno ya watalii?

#3 Mtembezi wa Tanga

Ni kweli kabisa, mkuu, na kwa mtu wa fani yako ndiyo safari yenyewe. Maji yanatoka kwenye chemchemi za vilima vya Ropsha, kama kilomita ishirini kusini mwa Peterhof, na mfereji wake ulichimbwa 1721 chini ya mhandisi Mrusi Vasily Tuvolkov. Yanateremka kwa uzito wake mpaka kwenye mabwawa ya Bustani ya Juu, nyuma ya kasri. Bustani ya Chini iko kwenye usawa wa bahari, kwa hiyo tofauti ya kimo ndiyo inayofanya kazi, kama tangi la maji juu ya paa la nyumba, ila hapa paa ni mlima. Mabomba yanapungua kipenyo yakikaribia mdomo, kasi ya maji inaongezeka, na chemchemi kuu, ile ya sanamu ya Samsoni, inaruka kufika mita 20 hivi.

Wafaransa kule Versailles walitegemea mashine kubwa ya kusukuma maji kutoka mto Seine, na bado hayakutosha kuzirusha chemchemi zote kwa wakati mmoja. Peter alizuru Versailles 1717, akaona, na mfumo wake ukaja kuwa bora. Peterhof ilifunguliwa rasmi Agosti 1723.

Samsoni anapasua kinywa cha simba. Simba ni Uswidi, na Samsoni ni kwa sababu Warusi waliwashinda Waswidi kwenye vita vya Poltava mwaka 1709 siku ya Mtakatifu Sampson. Sanamu iliyopo ni ya 1947, kazi ya mchongaji Simonov, kwa sababu ile ya zamani iliibwa wakati Wajerumani walipokuwa pale na haikupatikana. Kasri la juu yake liliungua likabaki kuta. Chemchemi zilirudi kurusha maji 1946, kabla hata watu wengi wa mji hawajapata nyumba za kulala. Vyumba vya kwanza vya kasri havikufunguliwa mpaka 1964.

Nenda kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Oktoba, nje ya hapo maji yamefungwa. Fika kabla ya saa tano asubuhi, ndipo wanapofungulia Mteremko Mkuu, zile ngazi za chemchemi mbele ya kasri, kwa muziki. Ukiwa na kikundi kidogo mwombe mwongozaji awapeleke pia Monplaisir, ile nyumba ya matofali ufukweni. Ndiyo Peter aliyoipenda. Ni ya chini, vyumba vidogo, dirisha linatazama bahari. Mtu aliyeamuru mambo yote yale makubwa, mwenyewe alitaka kukaa pale.

#4 Mzee wa Neva

Vijana, nimefurahi. Mimi nilisoma Leningrad, jina la Saint Petersburg enzi za Kisovieti, miaka ya themanini kwa ufadhili wa serikali yao, kama wenzangu wengi wa Tanzania bara, Unguja na Kenya waliotawanyika kwenye vyuo vya Umoja wa Kisovieti. Siku za mapumziko chuo kilitupeleka makasri, na wakati huo pale Kasri la Catherine sehemu kubwa bado ilikuwa na majukwaa ya mafundi. Ulitoka ukumbi unaong'aa, ukafungua macho upande wa pili ukaona matofali matupu. Kwangu ilikuwa elimu kuliko kasri lililokamilika.

Mleta uzi umeiacha Pavlovsk na mimi siwezi kunyamaza. Ni ndogo kuliko hizo nyingine, imechorwa na Cameron, Mskoti, kwa ajili ya Paul mwana wa Catherine Mkuu, imetulia, rangi ya manjano. Bustani yake ina hekta kama 600, si ya kukata mistari kama Peterhof, ni vilima, mto mdogo na miti ambayo Oktoba inageuka dhahabu ya kweli. Na ndiyo ya kwanza kufufuka: vyumba vyake vya mwanzo vilifunguliwa 1957.

Mwanamke aliyeiokoa anaitwa Anna Zelenova. Wajerumani wakikaribia 1941 alikuwa na miaka chini ya thelathini. Yeye na wenzake walifungasha samani, pazia, saa, na kila seti walichukua angalau mfano mmoja wa kiti, ili siku moja fundi apate cha kuigiza. Masanamu ya bustani wakayafukia ardhini kwa kina kirefu kuliko adui atakavyofikiria kuchimba. Masanamu ya kale ya Kirumi yaliyokuwa mazito mno wakayajengea ukuta kwenye kona ya chumba cha chini. Wajerumani walikaa pale zaidi ya miaka miwili hawakuyapata. Januari 1944 aliporudi alikuta kasri linafuka moshi. Akaanza kukusanya vipande vya plasta kwenye majivu, hata vidogo vya ukubwa wa kiganja, kwa sababu kila kipande cha ua kilikuwa kipimo. Aliendelea na kazi hiyo maisha yake yote.

Mkifika Pavlovsk mtajeni jina lake kwa mwongozaji. Mtaona uso wake utakavyobadilika.

#5 Binti Kilindini

Shikamoo mzee. Hiyo ya kuchukua kiti kimoja kutoka kila seti imenikaa.

#6 Mwana wa Shangani

Mzee shikamoo. Naomba nichomekee. Sisi Unguja Beit el-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, na watu walipoteza maisha. Kila nikisoma habari kama hii najiuliza wenzetu waliwezaje, maana wao walibaki na kuta tu, tena nchi ikiwa haina chakula.

#7 Mzee wa Neva

Marahaba wote wawili. Mwanangu, walikuwa na vitu viwili ambavyo havinunuliwi siku ya maafa. Kwanza kumbukumbu: michoro ya wajenzi, picha za kila chumba, orodha za vitu, vipimo, vyote vilihifadhiwa au vilihamishwa kabla. Pili mafundi. Mwaka 1945, vita ndiyo kwanza vinaisha, Leningrad ilifungua upya shule ya sanaa za mikono ili kufundisha vijana kuchonga mbao, kufinyanga mapambo ya plasta, kubandika dhahabu. Waliofundishwa pale ndio waliokwenda Pavlovsk na Peterhof, nao wakafundisha waliofuata, na kwa mnyororo huohuo tukafika kwenye kaharabu ya 2003. Milango ya Zanzibar ina mafundi wake hadi leo. Kinachotakiwa ni kuwapa wanafunzi na mshahara kabla jengo halijaanguka.

#8 Mwalimu Jiografia

Mleta uzi umepita Tsarskoye Selo bila kumtaja Pushkin, mshairi mkuu wa Urusi, na sisi Waafrika tuna haki ya kumtaja kwa sauti. Jengo la shule ya Lyceum limeunganishwa na Kasri la Catherine kwa njia ya tao. Pushkin alisoma pale tangu ilipofunguliwa 1811 hadi 1817, na mji wenyewe uliitwa Pushkin mwaka 1937, miaka mia moja baada ya kifo chake. Babu wa mama yake ni Abram Gannibal, Mwafrika aliyechukuliwa mtoto, akapitia Istanbul, akafikishwa kwa Peter Mkuu. Alibatizwa Vilnius 1705 Peter akiwa baba yake wa ubatizo, akapelekwa kusoma Ufaransa, akarudi mhandisi wa ngome na akaishia kuwa jenerali. Wataalamu bado wanabishania alikozaliwa: wapo wanaosema upande wa Ethiopia na Eritrea, wapo wanaosema Logone, karibu na Ziwa Chad.

Hakuwa Mwafrika peke yake kwenye nyumba zile. Hadi mwisho wa utawala wa ma-Tsar kulikuwa na watumishi weusi, baadhi kutoka Afrika na wengine Wamarekani weusi, waliovishwa mavazi ya Kituruki na kusimamishwa kwenye milango ya vyumba vya Tsar. Kwenye Kasri la Majira ya Baridi upo ukumbi uliopata jina kutokana nao. Vikundi vikubwa vinapita bila neno. Nilipouliza, mwongozaji wetu alisimama akatueleza kwa dakika nyingi, na wenzetu wa kikundi waliotoka nchi nyingine wakaanza nao kuuliza. Kwa hiyo naunga mkono kauli ya mleta uzi, ila naongeza swali la tatu: nani alisimama mlangoni?

#9 Mtembezi wa Tanga

Mwalimu, nalipokea. Niongeze na Kasri la Alexander, palepale Tsarskoye Selo, mwendo wa kutembea kwa mguu. Lilichorwa na Quarenghi miaka ya 1790. Nicholas II, Tsar wa mwisho, na familia yake waliishi hapo tangu 1905, wakafungiwa hapo baada ya mapinduzi ya Februari 1917, na Agosti wakasafirishwa kwenda Siberia. Vyumba vyao vya faragha vilifunguliwa tena kwa umma 2021 baada ya ukarabati mrefu. Baada ya kumbi za Catherine utashangaa: vitanda vya kawaida, ukuta umejaa picha takatifu ndogo ndogo, bafu la kuogea. Panga siku moja kwa makasri yote mawili, na usiongeze la tatu.

#10 Ngosha wa Ilemela

Naheshimu mlivyoandika, lakini niseme la moyoni. Mnalia na Pavlovsk iliyochomwa 1944, sawa. Julai 2023 kombora la Urusi lilipiga Kanisa Kuu la Kugeuka Sura pale Odesa, kanisa ambalo lenyewe lilibomolewa enzi za Stalin na kujengwa upya na watu wa mji. Nchi inayojua uchungu wa kukusanya plasta kwenye majivu inawafanyia wengine hilohilo. Mimi pesa yangu siipeleki huko sasa.

#11 Mtembezi wa Tanga

Ngosha, sina hoja ya kukupinga. Ulichosema kuhusu Odesa ni kweli na kinauma, na kinauma zaidi kwa mtu aliyesimama Pavlovsk. Mtu akiniuliza kama ni wakati mzuri wa kwenda, namwambia aamue kwa dhamiri yake akijua hayo yote. Makasri yamesubiri karne tatu, yatasubiri.

Kwa watakaokwenda nina ombi. Msimlazimishe mwongozaji kuzungumzia vita hivi mbele ya watu. Sheria za huko tangu Machi 2022 ni kali, mtu anaweza kufungwa kwa maneno, na nyie mkishapanda ndege yeye ndiye anayebaki.

#12 Mzee wa Neva

Ngosha, nakubaliana nawe. Nina marafiki niliosoma nao bweni moja, mmoja wa Kyiv na mmoja wa Leningrad. Hawasalimiani tena. Siongezi neno.

#13 Mama Wawili Mwanza

Naomba nirudi kwenye kuchagua kampuni. Nimeletewa mbili, bei zinapishana sana. Niangalie nini hasa?

#14 Mtembezi wa Tanga

Dada, waulize wote wawili maswali haya kwa maandishi. Kikundi kinaishia watu wangapi, na kikijaa mnagawa au mnaongeza? Mwongozaji ni mmoja safari nzima, au kila kasri anakuja mpya? Ana kibali cha kuongoza ndani ya makasri yenyewe? Tiketi za kuingia zimo kwenye bei, zikiwa na saa iliyopangwa, hasa Kasri la Catherine? Kila kasri limetengewa muda gani ndani, ukitoa muda wa duka na chakula? Wakijibu "kutegemeana na hali" kwenye swali la mwisho, tafuta wengine.

Bei ndogo mara nyingi ina maana mtaungwa na basi kubwa mkifika. Niliwahi kuona hilo kwa kikundi jirani hotelini kwetu: waliahidiwa watu wachache, asubuhi wakachanganywa na wengine mpaka hawakumsikia mwongozaji wao. Na usiache kuulizia siku ya bure katikati ya safari. Utaihitaji. Tembea tu kando ya mifereji, macho yapumzike.

Moscow usiiweke kwenye safari hiihii kama muda ni mdogo. Treni ya kasi ya Sapsan ni mwendo wa kama saa nne, watu wanaona rahisi, lakini Kremlin na jumba lake la hazina vinataka siku zao. Ukifika huko baadaye ongeza Kuskovo, nyumba ya akina Sheremetev. Familia hiyo ilimiliki watu kwa maelfu, ikafundisha baadhi yao kuimba opera. Praskovia Zhemchugova, binti wa mhunzi, aliyekuwa mali yao, akawa mwimbaji mkubwa, na Count Nikolai Sheremetev akamwoa kwa siri 1801. Aliishi mwaka mmoja na kitu tu baada ya ndoa. Hiyo nayo ni historia ya makasri, na ni ya upande wa waliokuwa wakihudumu.

#15 Binti Kilindini

Asanteni sana wadau. La mwisho kwangu: nataka kwenda na mama, magoti yake hayamwezeshi ngazi nyingi, na muda wetu ni mfupi. Kati ya Peterhof na Pavlovsk nimpeleke wapi? Na Juni kuna baridi?

#16 Mtembezi wa Tanga

Dada, mpeleke Peterhof, lakini msianzie juu. Pandeni boti ya kasi kutoka mjini, inawashusha gatini kwenye Bustani ya Chini, hapo ni tambarare, na mtamwona Samsoni kwa mbele kwa kufuata mfereji. Kupanda kasrini mwachieni mwenye magoti yake. Uzuri wote uko chini. Chukueni mabenchi ya kivulini, msikimbizane na kikundi, na mwambieni mwongozaji tangu mapema akubaliane nanyi mahali pa kukutana. Hermitage wana lifti, ila kampuni iombe utaratibu kabla ya siku yenyewe. Pavlovsk ni kutembea sana, iacheni.

Juni ni usiku mweupe, giza haliingii sawasawa, mwambie mama abebe kitambaa cha kufunika macho alale. Hewa ni ya sweta na koti jepesi la mvua, kandokando ya Ghuba kuna upepo. Na mkipanga ratiba kumbukeni Hermitage inafungwa Jumatatu, Kasri Kuu la Peterhof Jumatatu pia ingawa bustani iko wazi, na Kasri la Catherine Jumanne. Mkishapata tarehe ziandikeni hapa, nitaziangalia.